Tulipokinyamazisha Kinu

Tangu nirudi kutoka Rufiji, kila ninayekutana naye gereji ananiuliza habari za huko, na mbona nimekonda. Kukonda kumetokana na barabara. Hayo mengine ni marefu, na nimechoka kuyaeleza nusunusu huku nimelala chini ya gari, msikilizaji akiitwa na bosi kabla sijafika hata Kibiti. Kwa hiyo nimekaa niyaandike yote kwa mpigo mmoja. Mkishasoma msiniulize tena, maana sehemu ya mwisho siipendi kuisema kwa mdomo.

Nilichotumwa mnakijua. Kiwanda cha ng'ambo kilichotengeneza yale malori kiligundua kwamba gia moja ya kati, mbele ya injini, ilifungwa bushi, ile pete ya ndani inayoishikilia, ya chuma kibovu. Bushi ikilika, gia inacheza na injini inagonga. Ikizidi kucheza, siku moja gia inakatika na injini inakufa papo hapo, hata kama lori liko katikati ya kilima na watu wamejaa juu ya mizigo. Kiwanda kikaamua malori yote ya namna hiyo yaitwe, yafungwe gia mpya bure. Ya mjini yaliletwa, mkayafungua wenyewe. Likabaki moja la Kibiti, ambalo mwenyewe hakujibu taarifa hata moja, na bosi akasema kama lori haliji kwa fundi basi fundi ataenda kwa lori. Mambo ya vibali na karatasi nayaruka, hayana utamu.

Mbagala hadi Mkuranga, juu ya kreti za soda

Pikapu ya kampuni ilikuwa imekufa klachi, na nyie ndio mliokuwa mmeifungua na kuiacha hivyo. Nikapanda lori la mizigo pale Mbagala. Siku hizi za ruksa kila kitu kinashuka kusini: soda, mitumba, mabati, redio za betri, sabuni za kunukia ambazo miaka michache nyuma ungeziona kwa mtu aliyetoka Ulaya tu. Sisi abiria tulikaa juu ya kreti za soda, na kreti ya soda haijatengenezwa kwa ajili ya kukaliwa.

Sanduku langu lilikuwa dogo, lakini kwa uzito wa ile gia na vifaa vyangu, watu wawili walioliinua walitazamana. Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia la chumvi akaniuliza, "Mwanangu, umebeba nini humu?"

"Vyuma vya mashine, mzee."

"Mashine ya kusaga?"

Nilipofungua mdomo kumjibu, lori likaingia shimoni na sote tukarushwa. Tulipokaa sawa, habari zilikuwa zimeshafika mpaka nyuma kwamba naenda kufungua mashine ya kusaga Kibiti. Mama mmoja mwenye bata akataka kujua kama nitakoboa na mpunga au nitasaga mahindi tu. Nilipokana, mzee wa chumvi akawaambia wenzake kwa sauti ya chini kwamba nisisumbuliwe, huenda leseni haijatoka. Nikaacha kukana. Mpaka tunafika Mkuranga nilikuwa napewa nafasi nzuri ya kukaa.

Baada ya Vikindu mchanga ulitushika. Tukateremsha kreti zote, tukasukuma, tukapakia upya, na baada ya mwendo wa kuvuta sigara moja tukateremsha tena. Soda zilikuwa za moto. Tulikula mihogo ya kukaanga na pilipili, dereva akagawa chupa chache kwa wasukumaji na kusema zitahesabiwa zimevunjika njiani. Nilicheka siku ile kuliko nilivyocheka mwaka mzima. Naikumbuka kwa sababu baada ya hapo sikucheka hivyo tena.

Kibiti, dukani kwa Bwana Hirji

Mwenye lori ni Bwana Hirji, muuza duka ambaye baba yake aliuza duka hapohapo kabla yake. Anaongea Kiswahili cha pwani kisafi kuliko changu, na mteja wa Kindengereko akija anamjibu kwa Kindengereko. Nilimkuta anapima mafuta ya taa. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikamweleza kwamba kiwanda kinaliita lori lake.

Akaweka chini kipimo. "Kinaliita liende wapi?"

"Haliendi popote, bwana. Ndiyo maana nimekuja mimi."

"Lori nimelilipia lote. Kama kiwanda kina shida ya lori, kitengeneze lingine."

Nikamweleza habari ya gia na bushi. Akasikiliza vizuri, akitikisa kichwa, mpaka nilipofika kwenye neno bure. Hapo uso wake ukafunga.

"Fundi, nimezaliwa nyuma ya kaunta hii," akasema. "Mtu akiniletea kitu cha bure, kazi yangu ni kutafuta bei yake imefichwa wapi."

Hata hivyo hakunifukuza. Alinikaribisha uani, nikaletewa wali, dengu na achari ya embe iliyonitoa machozi, na alipoona namna ninavyokula nadhani aliamua kwamba mwizi hawezi kuwa na njaa ya kweli namna ile. Tulikuwa bado na sahani mkononi jua linapoanza kushuka, nikalisikia lori.

Mnanijua kwa masikio yangu. Gari likipita barabarani huwa nawaambia ugonjwa wake kabla halijakata kona. Lakini hili lilikuwa mbali, nje kabisa ya mji, na bado lilifika pale uani kana kwamba liko jirani: ngo, ngo, ngo, kama wanawake wawili wanaotwanga kwa zamu katika kinu kimoja. Kila mtu Kibiti alilijua kwa jina hilo, Kinu. Bwana Hirji akasema, "Chai iwekwe, Shabani anakuja," na ikapita muda wa chai kuchemka ndipo lori likaingia.

Mzee Shabani, dereva wake, ni Mmatumbi wa vilimani, mtu mzima mwenye kofia ya kiua na mikono mikubwa. Alinisikiliza nikieleza ugonjwa wa lori lake kama mtu anayeambiwa mtoto wake ana sura mbaya.

"Gari lina sauti yake," akasema. "Na wewe una yako, mbona hatukufungui kifua?"

"Sauti hii itakuua, mzee."

"Haijaniua bado."

Mwisho tulipatana. Kulikuwa na shehena ya chumvi, mafuta na unga inayosubiriwa bandarini, upande wa kwenda Salale. Kinu kingeipeleka kwanza, nami niende nacho nisikilize injini ikiwa na mzigo, kisha siku ya pili yake nikifungue.

Kibiti hadi bandarini, Kinu kikigonga

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, tukashika njia ya Ruaruke. Mikorosho, mashamba ya mihogo, mchanga, halafu udongo mweusi ambao ukinyeshewa haupitiki. Kelele ndani ya kebini ilikuwa kubwa hata tuliongea kwa mikono. Niliinama, nikaweka sikio karibu na kifuniko cha injini, nikahakikisha: gia ileile, ugonjwa uleule.

Kitu kimoja kilinishangaza. Kila kijiji tulichofika, watu walikuwa wamesimama kando ya njia na mizigo yao imefungwa, huyu na mikeka iliyokunjwa, yule na kuku, mwingine na mgonjwa wake kwenye kiti. Hakuna aliyekimbia wala kutusimamisha kwa papara. Nikawaonea huruma. Tulipopunguza mwendo nikamwambia Mzee Shabani kwamba watu wa huku wana subira, yaani wanakaa barabarani tangu giza. Akanitazama, akacheka kidogo, akabadili gia.

Bandari yenyewe ni tope na magogo machache. Mikoko imeziba kila upande, na ule mkono wa mto unapinda kiasi kwamba ng'ambo wanakoishi watu huioni kabisa. Tulipofika hapakuwa na mtu. Mzee Shabani hata injini hajaizima, mitumbwi ikaanza kutokea kwenye kona, mmoja, miwili, msururu mzima, imejaa nazi, mpunga na vikapu vya kamba wakavu. Nikasema moyoni kwamba bahati yetu leo ni nzuri, tumefika sawia.

Wa kwanza kushuka alikuwa mwanamke wa makamo, kanga kiunoni, anakanyaga tope kama sakafu. Huyo ni Bi Mwanaidi. Ananunua kamba wakavu kutoka kwa wavuvi na kuwauza kwa Bwana Hirji. Alileta pia sufuria ya wali na kamba wabichi wa nazi kwa ajili ya dereva, na mimi mgeni nikapakuliwa kwanza. Niseme ukweli, sijala chakula kama kile.

Mzee Shabani alikuwa na salamu zake, zilizopita mdomo kwa mdomo kwa madereva kutoka Ngorongo, kule bondeni mbali kupita Ikwiriri. Mama mzazi wa Bi Mwanaidi anaumwa. Anakunywa uji kidogo, anazungumza, lakini kila siku anamtaja yeye.

Bi Mwanaidi akakaa kwenye kikanyagio cha lori. "Anasemaje?"

"Anasema Mwanaidi aje. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Leo siwezi. Baba watoto yuko dago, kambini kwa wavuvi, mpaka kesho; watoto nimewaacha peke yao." Akafikiri. "Lini mnarudi?"

"Kesho tunatengenezwa na huyu bwana. Kesho kutwa tunashuka, na nikikufikisha Kibiti nitamwomba tajiri tusogee mpaka Ngorongo jioni hiyohiyo."

"Basi mtanikuta tayari. Nitawasikia."

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, litafika Ngorongo hili? Njia ile mbaya."

Nilikuwa nimeshiba na nina kiburi cha fundi aliyetoka mjini. "Nitalitengeneza, mama, mpaka ukilala ndani yake hutajua kama linakwenda."

Akafurahi. Akaniongezea wali.

Uani kwa Bwana Hirji, kazi

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilitoa rejeta, nikatoa feni, nikafungua kava ya mbele. Bushi ilikuwa imelika upande mmoja, lakini meno ya gia yalikuwa mazima, hata ufa sikuuona. Nikaosha, nikafunga mpya, nikapanga alama za meno zikutane, nikafunika. Bwana Hirji alileta kiti akakaa kunitazama siku nzima, bado anatafuta bei.

Nilipowasha, watu waliokuwa wamekusanyika ukutani walidhani sijawasha. Injini ilinguruma chinichini, laini, ukisimama dukani husikii kitu. Mzee Shabani akapanda, akazungusha ufunguo, stata ikasaga kwa ukali. Alikuwa anaiwasha injini iliyokwisha kuwaka. Watoto wakacheka, naye akashuka akaenda kusimama mbali na mikono nyuma.

"Vipi, mzee?"

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana. Sijui tu."

Nikajaribu taa, zikawaka. Nikabonyeza honi, kimya. Nikamwambia honi imekufa. Akasema imekufa zamani sana na hakuna aliyewahi kuiuliza. Waya wa honi ulikuwa ndani ya sanduku langu. Nilikuwa nimechoka, mikono imejaa grisi, na honi haikuwa kwenye maagizo ya kiwanda. Nikafunga sanduku nikaenda kuoga.

Bandarini tena, kimya kimya

Safari hii tuliongea njia nzima. Mzee Shabani alinieleza habari za kwao, za kaka zake waliobaki vilimani wakilima, za mke wake aliyemwachisha tumbaku. Alasiri ilitukuta hatujafika, kwa sababu Bwana Hirji alichelewa kupakia, lakini maji yalikuwa bado yamejaa kwa mujibu wa mahesabu ya mzee.

Njiani hapakuwa na watu. Kijiji cha kwanza nilidhani wana shughuli. Cha pili mzee akapunguza mwendo, akatazama kando ya njia. Karibu na Ruaruke mtu mmoja alichomoka shambani nyuma yetu, jembe mkononi, anapunga na kupiga mbinja. Tukasimama. Akaja anatweta, akamlaumu mzee, "Shabani, unatupita kama mwizi?" Mimi nikacheka. Nilidhani ni mzaha wao.

Bandarini hapakuwa na mtu. Tukashuka, tukanyoosha miguu. Tukateremsha chumvi. Tukakaa kwenye magogo, mbu wakatukalia. Mzee Shabani akasema pengine kuna msiba ng'ambo, au pengine wote wako dagoni. Nikamuuliza kuhusu Bi Mwanaidi.

"Angekuwa ameshafika," akasema. "Labda mama amepata nafuu, wamemletea habari kwa njia nyingine."

Maji yakaanza kupwa. Mizizi ya mikoko ikajitokeza, kisha tope lenyewe, na mzee akasema sasa hata akija hawezi kuvuka mpaka maji yajae tena. Huku nyuma wingu lilikuwa limesimama juu ya ule udongo mweusi. Tukingoja mvua, tutalala pale siku kadhaa. Tukageuza lori. Lilivyoondoka halikushtua hata ndege kwenye mikoko, na nakumbuka nilijisifu moyoni kwa hilo.

Kibiti, asubuhi ya baiskeli

Kesho yake nilikuwa dukani nikiaga, nangoja gari la kunirudisha Dar. Ikaja baiskeli ya kukodi, na nyuma yake amekaa Bi Mwanaidi na furushi lake mapajani. Tope lilikuwa limemkaukia mpaka magotini. Aliyemwendesha alikuwa hoi hata hawezi kusalimia.

Hakugomba. Aliamkiana na Bwana Hirji, akanywa maji aliyopewa, akamuuliza Mzee Shabani, "Jana mlishuka?"

"Tulishuka. Tulikaa mpaka maji yakapwa. Hukuja."

"Tulikaa tunasikiliza," akasema. "Mimi na baba watoto, na majirani wote wenye mizigo. Mtumbwi tulishauweka majini. Tukasikiliza mpaka tukachoka. Baba watoto akasema Kinu kimeharibika tena, tulale. Alfajiri wakapita wavuta nyavu wakasema chumvi imeteremshwa bandarini."

Nilikuwa nimesimama palepale. Niliona jinsi Mzee Shabani alivyovua kofia akaishika mkononi, na nikaelewa pamoja naye, sekunde ileile. Hakuna mtu ambaye amewahi kukaa barabarani tangu giza. Hakuna aliyekaa kwenye lile tope kungoja. Walikuwa wanakaa majumbani mwao na kazi zao, na Kinu kikianza kugonga kule juu, ndipo wanafunga mzigo, ndipo wanashika kasia, na muda wa kuvuka ulikuwa sawasawa na muda wa Kinu kuteremka. Nchi nzima ile ilipanga siku zake kwa ile bushi mbovu. Mzee mwenyewe alijua na hakujua. Aliwakuta wapo kila siku, na mtu hajiulizi kwa nini anapokewa.

Niliona aibu ambayo sijui niipe jina gani. Nimekuwa nikijivunia masikio haya tangu nianze ufundi, na kelele ile niliisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote pale. Sikumuuliza mtu hata mmoja anaisikiaje yeye.

Bwana Hirji, na hili namsifu, hakungoja kuombwa. Alisema, "Shabani, tia mafuta. Mpeleke mpaka mlangoni kwa mama yake. Mzigo wa leo utalala." Wakati wanatia mafuta nilifungua sanduku, nikaunga waya wa honi. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Nilipoijaribu ililia kwa sauti kubwa na nzuri, mji mzima ukageuka, na Bi Mwanaidi akainamisha uso wake kwenye furushi.

Sikupanda gari la Dar. Nilimwambia Mzee Shabani naenda nao ili kuisikiliza injini njiani. Alinitazama, akanisogezea nafasi.

Kibiti hadi Ngorongo

Barabara ya Ikwiriri ilikuwa na mashimo, ila Kinu kilikwenda kama kipya. Tulikaa watatu mbele. Bi Mwanaidi alikuwa katikati, na furushi lake lilikuwa na bakuli za udongo alizomletea mama, zikigongana taratibu kila tulipopita shimo. Zile bakuli tulizisikia njia nzima. Kama injini ingekuwa ileile ya zamani zisingesikika.

Ikwiriri tulisimama kutafuta habari. Wauza samaki walituzunguka, mzee akanunua kambale wa kukaanga, tukala kwa mikono juu ya boneti. Bi Mwanaidi hakula. Dereva mmoja aliyetoka bondeni juzi yake alisema hajasikia neno lolote la kutisha, na Bi Mwanaidi akamshukuru sana, mara mbili, kana kwamba yule dereva ndiye mwenye kuamua.

Kupita Mkongo tulikwama. Mti ulikuwa umeanguka njiani na wanakijiji walikuwa wanaukata kwa zamu na shoka moja. Nilichukua zamu yangu, nikakata vibaya, wakaninyang'anya shoka kwa upole. Nilikuwa na haraka ya kijinga, kama vile nikifanya haraka pale ningepunguza saa za jana.

Tulifika Ngorongo alasiri. Mzee Shabani alipiga honi kutoka mbali, mara tatu, na hiyo nadhani alinipigia mimi. Kisha tukaona watu wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba, wanaume upande huu, na ndani sauti za wanawake, na hakuna aliyelazimika kutuambia.

Mama alikuwa amefariki asubuhi ileile baada ya jua kutoka. Walimzika adhuhuri. Dada yake Bi Mwanaidi alitoka, wakakumbatiana mlangoni, na nikamsikia akisema, "Jana alikuwa mzima wa maneno. Jana jioni alikunywa uji wote, akauliza Mwanaidi bado?" Aliyasema ili kumfariji, kwamba mama hakuteseka. Mimi nilitamani ardhi inichukue.

Tulikaa na wanaume, tukasoma fatiha, tukatoa mkono wa pole. Tukaletewa wali na maharage kwenye sinia, na Mzee Shabani akala kidogo akaniambia nile, kutokula msibani ni kuwaongezea watu kazi. Nikala. Hakuna aliyenilaumu. Mimi kwao nilikuwa fundi kutoka Dar es Salaam aliyemleta mtoto wa marehemu, na mjomba wao mmoja alinishukuru kwa wema wangu.

Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, Bi Mwanaidi akatoka nje. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti yake imetulia. Mzee Shabani akasogea pembeni, akajifanya anatazama matairi.

"Mwanangu," akaniambia, "kile chuma ulichokitoa, kilikuwa kibovu kweli?"

"Kibovu kweli, mama. Kiwanda chenyewe kimekiri."

"Kingevunjika."

"Kingevunjika siku moja."

Akatikisa kichwa. Niliona alichokuwa anakitafuta. Kama gia ile ingekatika jana njiani, basi asingemwona mama yake kwa namna yoyote ile, na jambo lilikuwa limeshaandikwa, na angeweza kuingia ndani akalia kilio chake cha kawaida. Neno moja tu langu lingetosha. Lakini ile gia niliishika kwa mikono yangu, niliiosha, niligeuza kila jino kwenye mwanga.

"Jana," akasema, "safari ya kutoka bandarini mpaka hapa. Kile chuma kibovu kingefika?"

"Mungu ndiye anayejua, mama."

"Hilo najua kwamba anajua," akasema. "Nimekuuliza wewe."

Nikamwambia kingefika.